AFYA YA JAMAA: Kunguni katika kabini ya kamio



Katika maeneo yetu ya migodi kuna nyumba moja ambayo haina lopango wala namba. Leo inalala huku, kesho inalala kule. Lakini kuna baba anayelala ndani yake siku nyingi kuliko anavyolala kwake. Nyumba hiyo ni kabini ya kamio.

Shofere anayepakia shaba Kolwezi anatembea kilometa karibu 300 mpaka Lubumbashi, kiisha karibu 90 tena mpaka Kasumbalesa. Hapo anakuta mstari wa makamio, na mara nyingi anangoja. Kisha mpaka anaingia Zambia. Mwingine anaelekea Tunduma na Dar es Salaam, mwingine anateremka mpaka Durban. Ni safari ya majuma. Kitanda chake ni matela nyembamba nyuma ya kiti, na kijana anayemsaidia, konvoyeri, anajikunja mbele.

Ulaya na Amerika kuna watu wanaovuta nyuma ya gari nyumba ndogo ya kulala, wanaiita karavani. Wao wanasafiri kwa mapumziko, sisi kwa kutafuta mkate. Lakini shida moja inatuunganisha: chumba kidogo, kilichofungwa, chenye joto na nyufa nyingi, kinapendwa na wadudu.

Tutazungumza zaidi juu ya kunguni, sababu huyu anamfuata baba mpaka nyumbani. Mwishoni tutagusa mende na mbu.

JUU GANI SHOFERE ANANYAMAZA?

Ananyamaza sababu ya haya. Anafikiri watasema yeye ni mchafu. Ao anaogopa maneno ya nyumbani, kwa maana bibi akiona alama shingoni anaweza kuuliza: "Ulilala wapi?" Basi anajikuna kimya, ananunua chupa ya dawa sokoni, anapuliza usiku, analala ndani. Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humfichua.

Tuseme wazi: kunguni haji sababu ya uchafu. Hali takataka, anakula damu. Nyumba safi ina damu sawasawa na nyumba chafu. Fujo na vitu vingi vinampa tu nafasi ya kujificha. Anafika ndani ya mfuko, blanketi, matela ya kununua kwa mtu, ao kiti cha gari alimolala mwingine. Huko Ufaransa, kazi ya serikali inayochunguza afya ilitangaza mwaka 2023 kwamba kati ya miaka 2017 na 2022, zaidi ya jamaa 1 kwa 10 ilikuwa imepata kunguni. Mwaka ule ule watu wa Paris walipiga kelele juu ya kunguni katika treni na katika nyumba za sinema. Kama mji ule umepata, shofere wa Likasi aone haya ya nini?

Jambo lingine linaloleta ugomvi katika ndoa: wawili wanaweza kulala kitanda kimoja, mmoja anavimba na kuwashwa, mwenzake haonyeshi alama hata moja. Wote wawili wameumwa. Ni ngozi tu hazifanani. Basi asiye na alama asimwambie mwenzake kwamba anasema uongo.

Mpaka leo haijaonekana kwamba kunguni anapitisha malaria ao Sida kwa mtu. Ubaya wake ni mwingine: vidonda vya kujikuna, na zaidi usiku bila usingizi. Na shofere asiyelala, mwenye tani karibu 30 nyuma yake, akisinzia katika mteremko, hapo si mambo ya kujikuna tena. Ni maisha yake na maisha ya wale wanaotembea kandokando ya njia.

MJUE ADUI YAKO

Kunguni mzima ni mdogo kama mbegu ya tofaa, ana rangi ya kahawia, ni bapa. Hana mabawa na haruki, anatembea tu. Mchana anakaa katika ufa, usiku anatoka, anakunywa damu dakika 5 ao 10, anarudi. Utamjua kwa alama hizi: madoa madogo meusi katika mshono wa matela, yanayoenea kama wino ukiyapangusa na kitambaa chenye maji, maganda meupe-meupe anayovua akikua, na mayai meupe, madogo kuliko punje ya chumvi ya mawe, yamegandishwa katika nyufa.

Sasa hesabu. Jike akitaga mayai 2 tu kwa siku, mwezi mmoja ni mayai 60. Yai linapasuka kisha siku 6 mpaka 10, ao zaidi kidogo kukiwa baridi. Mtoto wa kunguni anavua ganda mara 5, na kila mara anapashwa kwanza kunywa damu. Katika joto zuri anafika ukubwa kwa majuma 5 hivi, naye anaanza kutaga.

Katika hesabu hiyo ndimo mna ushindi. Ukiua wakubwa leo ukakaa, mayai yatapasuka juma linalokuja, nawe utasema: "Dawa ile ilikuwa mbovu." Lakini ukirudi kila juma, watoto watakufa mbele hawajataga. Kwa hiyo vita ya kunguni si ya usiku mmoja. Ni ya majuma 6 ao 8, bila kuruka hata moja.

MAMBO MATATU YANAYOUA WATU

La kwanza ni dawa ya chupa isiyo na etiketi. Sokoni wanauza vichupa vyenye harufu kali. Vingi ni vya namna ya diklorvosi, dawa inayogonga mishipa ya mdudu na ya mtu vilevile. Kabini ni sanduku. Ukipuliza humo na kulala, unavuta sumu usiku kucha. Tena ni hatari zaidi ukiipaka katika matela na kuileta nyumbani, mtoto akailalia.

Alama za sumu hiyo ni jasho nyingi, mate na machozi kutiririka, kutapika, kutetemeka, mboni ya jicho kuwa ndogo, na kupumua kwa shida. Ukiona hayo, mtoe mtu inje penye hewa, mvue nguo zile, umwoshe na maji mengi na sabuni, nawe ujikinge mikono. Kiisha mkimbize lupitali, pamoja na chupa ili munganga aione. Usimpe maziwa, usimlazimishe kutapika. Unapoteza wakati, na unaweza kumziba pumzi.

La pili ni esanse. Wamoja wanapaka esanse katika mbao na nyufa. Ni kweli, kunguni aliyeguswa anakufa. Lakini mvuke wa esanse unabaki ndani, na sigara moja ao cheche moja ya waya inatosha. Kamio inaungua pamoja na mwenye kulala.

La tatu ni mbabula. Mwezi wa 6 na wa 7 baridi ya kwetu inauma, na mstarini wamoja wanaingiza mbabula ya makala katika kabini. Wengine wanafikiri moshi utafukuza wadudu vilevile. Gesi ya makala haionekani, haina harufu, nayo inaua mtu katika usingizi. Kunguni atabaki mzima.

Baridi ya Katanga nayo haiui kunguni, inamchelewesha tu. Ili afe kwa baridi inapashwa kuwa ya konjelatere, digri 18 chini ya sufuri, siku 4 nzima.

Na zile bombe za dukani? Kisha vita ya pili ya dunia watu walitumia DDT, kunguni wakapunguka sana. Lakini tangu mwaka 1947, huko Hawaii, waliona kunguni ambao DDT haiwaui tena. Leo katika nchi nyingi kunguni wamezoea vilevile dawa za piretroidi, zile zinazojaa ndani ya bombe. Tena harufu inawatawanya, wanaingia ndani zaidi ya viti. Mtu anaona wamepotea, kumbe wamehama chumba.

KAZI YENYEWE

Silaha ya kwanza ni joto. Kunguni mkubwa anakufa katika digri 48 kwa dakika 20. Mayai yanataka digri hizo kwa dakika 90. Joto likipita digri 50, wote wanakufa upesi. Silaha ya pili ni mkono wa mtu. Chagua siku moja ya juma, muifanye hivi:

1. Toa yote inje: matela, blanketi, mikeka, nguo, vitambaa vya viti, karatasi za zamani. Usiviweke majanini wala karibu na mlango wa nyumba. Viweke juu ya plastiki.

2. Nguo na mashuka viingie katika maji ya moto sana, ya digri 60 ao yanayokaribia kuchemka, dakika 30. Vikikauka, pitisha pasi ya makala, zaidi katika mishono. Kisichoweza kuoshwa na ni chembamba, kitie katika mfuko mweusi wa plastiki, kidogo-kidogo, ufunge, ulaze juani siku nzima, ugeuze. Mfuko uliojazwa sana hauwi moto katikati, na hapo njo wanajificha.

3. Matela: chukua tochi na burashi ngumu. Fuata mshono wote, pembe zote. Mwangia maji yanayochemka katika mishono na vifungo, uache ikauke vizuri juani. Kiisha ifunge yote ndani ya plastiki ngumu, na kila ufa uzibwe na skochi. Kunguni aliyebaki ndani hatoki, na hapati damu. Usiifungue mwaka mzima. Ikipasuka, ziba siku ile ile. Kama matela imekwisha kuoza, ikate vipande na kuichoma mbali na watu. Usiitupe barabarani ambapo maskini ataiokota.

4. Kabini: anza juu, shuka chini. Angalia chini ya kitanda, penye bawaba, katika mishono ya viti, nyuma ya mapazia, chini ya kapeti, katika matundu ya visi. Kwaruza na kipande cha karata ngumu, pangusa na kitambaa cha maji ya moto na sabuni. Takataka zote ziingie katika chupa ya maji ya sabuni, ufunge. Maji yasiguse nyaya wala sanduku la fizibu. Na usipulizie hewa ya kompresa ya garaji: inawatawanya na kuwapeleka ndani zaidi.

5. Ziba. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Wahenga hawakufikiri kunguni, lakini neno linawafaa. Mastiki ao skochi katika kila ufa usio na kazi. Ufa mmoja uliozibwa ni lopango moja umemnyang'anya.

6. Andika tarehe juu ya karatasi, uibandike penye kioo. Juma linalofuata, rudia. Mkimaliza majuma 8 bila alama yoyote, mmeshinda.

Kuna wanaofikiri kufunga kabini juani tu kunatosha. Hapana. Kunguni akisikia joto anateremka chini ya kiti na katika sakafu, penye baridi. Jua ni msaidizi, haliwezi kufanya kazi peke yake.

Kijana konvoyeri, kazi hii inakuhusu. Macho yako yanaona vizuri kuliko ya mzee, na mikono yako inaingia penye mikono yake haiingii. Na kama kamio inabadilishwa kati ya mashofere wawili, wapashwa kuelewana. Mmoja akisafisha na mwingine akileta blanketi ile ile, ni kuteka maji na kitunga. Mwambieni patroni vilevile. Plastiki ya matela na sabuni ni gharama ndogo mbele ya kamio iliyoanguka.

PENYE MLANGO WA NYUMBA

Hapa njo jamaa yote inaingia. Mama, baba akifika, usimpokee mfuko na kuuweka juu ya kitanda, hata kama ni alama ya mapendo. Tengeneza kawaida hii: mfuko unabaki inje, juu ya simenti ao plastiki. Baba anapewa maji ya kuoga na nguo za kubadili. Nguo za safari zinaingia moja kwa moja katika maji ya moto. Mfuko wenyewe unakunjuliwa, unakaguliwa mishono, unalazwa juani.

Fanyeni hivyo kila mara, hata siku hakuna kunguni. Sababu gani? Sababu ikiwa ni kawaida ya nyumba, si shitaka tena. Baba hataona kwamba anahukumiwa mlangoni mwake. Na watoto wakirudi kutoka shule ya kulala, mifuko yao ipite njia ile ile.

Kama wameisha kuingia, sogezeni vitanda mbali na ukuta, mashuka yasiguse chini, na kila mguu wa kitanda usimame ndani ya kopo lenye maji na mafuta kidogo. Kunguni haruki, akitaka kupanda anaanguka humo, nawe asubuhi unamhesabu. Msihame chumba. Ukihamia kwa watoto, kunguni watakufuata, na sasa vyumba viwili vinaumwa.

MENDE NA MBU

Mende wa kabini ni yule mdogo wa kahawia, wengi wanamwita kafari. Anapenda joto la nyuma ya radio na makombo ya mikate na bukari. Jike anabeba mfuko wenye mayai 30 mpaka 40. Dawa yake ya kwanza ni njaa na kiu: chakula chote ndani ya ndoo yenye kifuniko, sahani zisilale bila kuoshwa, maji yasimwagike chini. Makatoni ya sokoni yasikae ndani, humo njo anasafiri. Poda ya asidi boriki kidogo, iliyochanganywa na sukari, ikiwekwa ndani ya nyufa inamwua polepole. Lakini iwe mahali ambapo mkono wa mtoto hauwezi kufika, na mbali na chakula.

Mbu naye tusimdharau. Nchi yetu ni ya pili duniani, nyuma ya Nigeria, kwa wingi wa wagonjwa wa malaria, na mbu wake anauma usiku, wakati shofere analala mstarini. Shoneni kipande cha chandarua kwa kipimo cha dirisha, kishikwe na sumaku ao skochi, hewa iingie na mbu abaki inje. Juu ya kitanda tundikeni chandarua chenye dawa. Ile dawa ya kuzunguka inayotoa moshi msiiwashe ndani ya kabini: wachunguzi walipima mwaka 2003 wakaona dawa moja ikiungua inatoa vumbi la moshi sawa na sigara 75 mpaka 137. Na homa ikikushika njiani ao ukirudi, kapime damu. Usimeze vidonge vya kukisia.

YA KUZUNGUMZA KATIKA JAMAA

Jioni moja, wote wakiwako, ulizaneni haya:

Baba, kama umepata kunguni safarini, unaweza kutuambia bila kuogopa? Na sisi tutakujibu namna gani?

Mifuko ya safari tutaiweka wapi inje, na ni nani ataangalia mishono?

Kuna chupa gani ya sumu katika nyumba ao katika kamio sasa hivi? Imefungwa wapi? Nani anaweza kuifikia?

Swali la mwisho msilijibu kwa mdomo tu. Simameni, mwende muangalie.